Uzi maalumu: Historia ya kilabu chetu cha Ijumaa, Kitangiri, Mwanza

Jiwe Kubwa

Wakuu, mwangaluka.

Ijumaa iliyopita kulizuka ubishi pale kwetu Kitangiri. Kijana mmoja mgeni, ndiyo kwanza anakuja mara ya pili, aliuliza swali dogo tu: "Hivi hiki kitu alikianzisha nani?" Watu sita wakajibu kwa mpigo, majibu sita. Mmoja alimtaja jamaa ambaye mimi nakumbuka kabisa alikuja mwaka wa tatu, tena alikuja kudai hela yake ya betri. Nikaona hapana. Daftari ninalo mimi, tangu lile la kwanza lenye pundamilia kwenye jalada, na kurasa za mwanzo zimeshalowa mafuta ya taa. Siku nikiondoka duniani likaenda kufungia maandazi, historia yote itabaki kwa yule wa betri.

Kwanza tuelewane neno. Nikisema kilabu, najua wengi wenu mmeshaona benchi refu, kopo la plastiki linazunguka na mama kashika kata. Sawa, hatuko mbali na hapo. Tofauti ni kwamba sisi tunapika bia wenyewe, lita 20 kwa mara moja, na tunakunywa wenyewe. Hatuuzi. Hilo la kutouza lina kisa chake, nitafika.

Ilianza 2017. Mnakumbuka tarehe 1 Machi mwaka ule viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, vilipigwa marufuku nchi nzima. Kona yetu, mbele ya genge la nyanya, kilikuwapo kijiwe cha jioni: madereva wa bajaji, fundi friji, mwalimu wa kemia wa sekondari, mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi kiwanda cha bia mpaka akapata kiinua mgongo, na mimi muuza vipuri. Viroba vilipoondoka kijiwe kikakatika vipande viwili. Wenye hela wakahamia baa. Wasio nayo wakaanza kushuka bondeni, mnajua wenyewe kuna nini huko. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka bondeni akashinda siku mbili haoni vizuri. Alipona, ila alivyokuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe, hakuna aliyecheka.

Kabla mwaka haujaisha shemeji yake mwalimu akarudi likizo kutoka Uingereza na boksi. Ndani mlikuwa na kopo la kimea kizito cheusi kama asali ya nyuki wadogo, kipakiti cha hamira na karatasi ya maelekezo. Kule watu wanaruhusiwa kupika bia nyumbani bila leseni tangu 1963, kwa hiyo vifaa vyake vinauzwa dukani kama sisi tunavyonunua unga wa chapati. Shemeji alipewa zawadi, yeye hanywi, akamwachia mwalimu.

Tukapika jikoni kwa mwalimu mke wake akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Ndoo ilikuwa ya mafuta ya kula, tumeiosha mpaka inalia. Maji tukafungulia bombani moja kwa moja. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Baada ya wiki mbili tunafungua, harufu inayotoka ni ya plasta ya kidonda. Mzee mstaafu akanusa, akatema pembeni, akasema neno moja: "Klorini." Maji ya bomba ya mjini huwa yana dawa, na ile dawa ikikutana na kimea kinachochachuka inazaa harufu ya hospitali. Akatufundisha kuyakinga jioni, ndoo ikalala wazi usiku kucha, asubuhi ndipo uyachemshe.

Hapo kwenye kuchemsha ndipo mwalimu alipopata aibu yake ya kwanza. Alinunua kipimajoto, maji yanatokota kabisa, kipimajoto kinasoma 96. Akakirudisha dukani, "kibovu hiki." Akabadilishiwa. Kikasoma 96. Akarudi tena. Mwenye duka akamwuliza, "Mwalimu, unafundisha somo gani vile?" Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji hapa hayasubiri kufika 100.

Ngoja nifunge duka, nitaendelea.

Dagaa wa Mwaloni

Nimekaa pale. Picha ya daftari mkuu.

Mpita Njia 77

Hii chai. Muuza vipuri anajua klorini?

Binti Igoma

Muuza vipuri kafundishwa na mstaafu, kasema hapo juu. Soma kabla hujakomenti.

Mwana wa Misungwi

Kwa hiyo mlikuwa mnapika gongo kistaarabu? Sema ukweli tu mkuu, hapa hakuna polisi.

Jiwe Kubwa

Mwana wa Misungwi, wabeja kwa swali. Hapana. Gongo unakeneka: unachemsha pombe, unakinga mvuke, unapata kitu cha kuwashia taa. Hiyo imepigwa marufuku na sheria yake tangu 1966, tena sheria yenyewe inaiita "moshi". Sisi tunachachusha tu, kama wanavyochachusha mbege, wanzuki au lubisi. Mvuke wetu unapotea hewani, na mke wa mwalimu anaulalamikia.

Naendelea. Boksi lilikuwa moja. Likiisha, unapata wapi kimea? Shayiri nchi hii inalimwa, huko Arusha na kanda ile ya kaskazini, lakini inakwenda viwandani, hutaikuta gunia lake sokoni Kirumba. Tukasema mtama si upo? Usukumani ukose mtama!

Mwalimu akachukua karatasi ya boksi akaifuata neno kwa neno: saga kimea, changanya na maji, shikilia nyuzi 66 kwa saa nzima, chuja. Tulichopata ni maji ya kuoshea mchele. Hayana utamu hata wa kumdanganya sisimizi. Tukarudia. Yale yale. Mara ya tatu tulikuwa tunamwaga mtaroni pale nje, na jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye sisi sote tunamwita Mayu, amekaa mlangoni anachambua dagaa. Aliwahi kupika pombe ya mtama Igogo miaka mingi, kasomesha watoto watano kwa hiyo kazi, kisha akastaafu magoti yalipoanza kumsumbua. Akatazama yale maji yanavyoshuka, akauliza, "Ninyi mnafua nini humo ndani?"

Nawaambia, kama mnataka jina la mwanzilishi, andikeni hapo.

Kwanza alikataa kimea chetu. Tulinunua mtama tukauloweka siku nzima, tukautandaza juu ya bati. Bati! Jua la Mwanza saa saba mchana! Yeye akatandaza gunia chini ya ukuta wenye kivuli, akamwaga mtama uliolowa, akafunika na gunia jingine bichi, akawa anaunyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu akafunua. Kila punje imetoa mzizi mweupe, na kando yake kichipukizi kama ncha ya sindano. "Bado." Siku ya nne kichipukizi kimefika urefu wa ukucha wa kidole kidogo, akasema, "Sasa anika. Ukichelewa kesho utakula majani." Kilipokauka alichukua punje akaiuma mbele yetu. Ikavunjika kak! kama biskuti. Akatoa unga kwenye ulimi, akatuonyesha. Mweupe, mtamu.

Kisha kupika kwenyewe. Mayu hakuchanganya vyote kwa pamoja. Alikoroga unga wa kimea na maji ya vuguvugu, akauacha utulie, akachota yale maji ya juu akayaweka pembeni kwenye beseni kama kitu cha thamani. Ule uji mzito uliobaki chini akauweka jikoni akaupika ukaiva haswa, unarusha mapovu kama ugali unaotaka kukuunguza. Akaipua, akasubiri upoe. Alikuwa anachovya kidole anatoa, anachovya anatoa. Mara ya kwanza alikiondoa haraka. Alipoweza kukiacha mpaka akahesabu tatu kwa Kisukuma, akasema basi, mimina. Mwalimu akaingiza kipimajoto chake cha tatu: 66.

Yale maji ya beseni yalipoingia, uji ambao mwiko ulikuwa unasimama ukalegea mbele ya macho yetu, dakika kumi umekuwa mwepesi kama chai. Tukaonja. Togwa! Utamu mpaka meno yanauma.

Mwalimu alikaa chini kwenye kigoda kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Baadaye alitueleza: wanga wa mtama ni mgumu, haulegei mpaka joto lipite 70, tofauti na shayiri. Lakini vimeng'enya vya kwenye kimea, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, joto hilo vinakufa. Kwa hiyo lazima uvitoe kwanza uvifiche pembeni, upike wanga, upoze, ndipo uvirudishe. Viwandani wana mitambo ya kazi hiyo. Mayu ana beseni.

Msukuma Halisi

Daah. Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo hivyo Magu, tukidhani ni mila tu. Kumbe kemia.

Dagaa wa Mwaloni

"Ninyi mnafua nini humo ndani" 😂😂 nimecheka daladala zima linanitazama.

Mzee wa Nyakato

Vijana mna bahati. Miaka ya themanini bia ya chupa ilikuwa haipatikani kirahisi, mpaka ujuane na mtu, tena uende na chupa tupu mkononi. Huna chupa tupu, huna bia. Nilikuwa na kreti langu moja nalilinda kuliko baiskeli. Leo nasikia mtu anapika bia jikoni kwake, naona maajabu.

Jiwe Kubwa

Shikamoo mzee. Hilo la chupa tupu bado lipo kwetu mpaka leo, utaona.

Sasa mawe. Asiyeijua Kitangiri ajue kwamba nyumba zetu zimekaa katikati ya mawe kama mayai kwenye kiota, mengine makubwa kuliko nyumba yenyewe. Bia ikishapikwa inatakiwa ichachuke mahali penye ubaridi, nyuzi 18 mpaka 22 hivi, na pasibadilike badilike. Ndani kwa mwalimu mchana ilikuwa 29. Ikichachukia kwenye joto lile inatoa harufu ya rangi ya kucha, na kichwa cha kesho yake usiulize.

Fundi friji akasema ataweka ndoo kwenye friji bovu. Umeme ukakatika siku mbili, tukapata siki. Ndipo dereva mmoja wa bajaji akataja pango lililoko chini ya jiwe nyuma ya choo cha jirani. Tulicheka. Lakini tukatundika kipimajoto humo wiki nzima, tunasoma asubuhi, mchana, usiku. Upande wa magharibi jiwe linabeba jua lote la jioni, usiku unaligusa bado lina joto kama pasi iliyozimwa. Upande wa mashariki, ndani kabisa kwenye kona, lilikaa 21, likapanda 22, likarudi 21. Wiki nzima! Jiwe halina haraka. Hapo ndipo ndoo zetu zinalala hadi leo, na jina langu humu limetoka hapo.

Kemia ya Ubaoni

Nimeletewa uzi huu na mwanafunzi wangu wa zamani. Ndugu Jiwe, hongera, ila marekebisho machache kwa ajili ya kumbukumbu.

Moja, vipimajoto vilikuwa viwili, si vitatu.

Mbili, bia ya kwanza yenye harufu ya plasta hukuimwaga. Wewe uliinywa. Glasi mbili. Daftari halisemi kwa sababu mwandishi ni wewe.

Tatu, umeruka habari ya hopsi, nami najua kwa nini. Hopsi ni yale maua yanayotia bia uchungu na kuifanya isiharibike upesi. Ndugu yetu huyu aliagiza mizizi yake kwa mtu, akaipanda kwenye diaba karibu na genge, akaijengea na kamba ya kupandia, akatutangazia kwamba Mwanza itakuwa shamba la hopsi la Afrika Mashariki. Nilimwambia. Mmea ule unazaa vizuri nchi ambazo kiangazi jua linawaka saa 15 kwa siku. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mwanga ni saa 12, Januari mpaka Desemba. Mmea ulifika kiunoni, ukaduwaa, ukatoa maua matatu kama mtu anayeomba radhi. Mbuzi wa jirani akamaliza kesi.

Jiwe Kubwa

Mwalimu karibu, umekuja kuniumbua hadharani. Maua yalikuwa matano.

Nakubali la glasi. Nilikuwa nimechangia elfu nane, nisingeziacha ziende mtaroni.

Baada ya mbuzi tulihangaika na uchungu. Tulijaribu mwarobaini, na hapa naomba nisiendelee, maana kuna mtu alikunywa akadhani tumempa dawa ya malaria. Mwenzetu Mhaya akatuletea majani ya omubilizi kutoka kwao Bukoba, ni machungu pia lakini uchungu wake unakuja na kuondoka, haukai kooni kama deni. Hopsi za kweli tunazipata za kubahatisha, mtu akisafiri. Pakiti ndogo tunaigawa kama ubani.

Huyo huyo Mhaya ndiye aliyetuletea ndizi za lubisi. MV Victoria ilikuwa imesimama miaka, ikarudi majini 2020 baada ya kukarabatiwa, naye akawa anapokea mkungu bandarini asubuhi meli ikitia nanga. Lakini bia yetu hasa, ile tunayojivunia mbele za watu, ni ya mtama na ukwaju. Ina uchachu wa mbali, rangi kama maji ya mto Mirongo mvua ikinyesha. Msicheke, mdomoni ni kitu kingine.

Binti Igoma

Rangi ya Mirongo 😭 mkuu hapo umeharibu biashara.

Jiwe Kubwa

Haina biashara, ndiyo nataka kuwaeleza. Lakini kwanza usiku wa chupa.

Bia ikishatulia unaitia kwenye chupa na sukari kidogo, ile hamira iliyobaki iile itoe gesi. Lita 20 zinataka gramu 130 hivi, vijiko vya kuhesabu. Siku hiyo tulikuwa wawili kwenye zamu, mimi na dereva mmoja. Mimi nikapima nikamimina. Nikaenda kujibu simu. Yeye naye akapima akamimina. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Tukafunga vizibo, tukapanga chupa 36 kwenye makreti, tukazisukuma pangoni, tukaagana.

Siku ya tano, saa nane usiku, paaa! Kimya. Mbwa wakaanza. Paaa! paaa! Ndani ya pango sauti inakuwa mara mbili yake, jiwe linaitupa mtaa mzima. Filimbi ikapulizwa upande wa juu, ikajibiwa upande wa chini, dakika chache vijana wa ulinzi shirikishi wamejaa, ambao wazee wetu bado wanawaita sungusungu kama walivyoitwa walipoanza Usukumani miaka ile ya themanini. Fimbo, marungu, tochi. Mwenyekiti wa mtaa kafunga msuli na shati la ofisini. Wakalizingira jiwe. "Toka na mikono juu!"

Paaa!

Watu wote chini. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya tangi la maji, najua fika ni nini, naona aibu kusema. Aliyeokoa jahazi ni Mayu. Alitoka na kanga na tochi yake ndogo, akapita katikati ya marungu, akasimama mlangoni mwa pango, akanusa. "Ni pombe imekasirika," akasema. "Nendeni mkalale."

Asubuhi tukafunika pango kwa magunia yaliyolowa na tukakaa mbali siku tatu. Zilipona chupa 11. Tulizifungua tukiwa tumevaa makoti na miwani ya fundi wa kuchomelea. Tangu siku hiyo daftari lina safu ya "Sukari", na anayepima anasaini.

Mpita Njia 77

Nafuta kauli yangu ya chai. Huwezi kutunga "pombe imekasirika".

Mtumishi wa Bwana

Ndugu zangu, kileo ni kileo hata kikipikwa na mwalimu. Tafakarini familia zenu.

Jiwe Kubwa

Mtumishi, nakuheshimu. Mweka hazina wetu ni fundi friji, mlokole, tone halijawahi kugusa mdomo wake. Anakuja Ijumaa, anakunywa soda yake, anahesabu mchango. Tulimchagua kwa sababu hiyo. Hela za watu wanaokunywa zinatakiwa zikae kwa asiyekunywa.

Tena sheria aliyoipendekeza yeye ndiyo iliyotuweka: chupa tatu kwa mtu, basi. Anayetaka ya nne anaondoka nayo nyumbani imefungwa kizibo.

Haya, kisa cha kuuza. Bia ya ukwaju ilipoanza kusifika, mwenye baa mmoja, simtaji wala eneo silitaji, akaja Ijumaa akaonja. Kesho yake akapiga simu: anataka makreti kumi kila wiki, na bei aliyotaja ilitufanya tukae kimya wote kwenye spika. Kijiwe kikachemka. Wengine walishaanza kununua pikipiki kichwani. Tukapiga mara mbili, mara tatu, lita 20 zikawa 60, zikawa 100. Zamu zikawa kazi. Mayu akaombwa asimamie kimea kila siku, na magoti yale. Hakuna aliyekaa kupiga soga tena, maana kila chupa unayofungua unaona elfu tatu inaondoka.

Mstaafu wetu ndiye aliyeuliza mambo ya karatasi, kazi yake ya zamani ilimfundisha. Bia ya kuuza inataka leseni. Inataka ubora uthibitishwe na TBS. Inalipiwa ushuru wa bidhaa, na tangu Januari 2019 kila chupa inatakiwa iwe na stempu ya kielektroniki ya TRA. Nenda kaibandike pangoni, nyuma ya choo cha jirani. Mwenye baa akasema, "Hayo niachieni mimi." Mstaafu akajibu kwamba amewahi kusikia maneno hayo mara mbili maishani, na mara zote aliyeyasema hakuonekana siku ya kesi.

Tulipiga kura. Saba tusimame, sita tuendelee. Wale sita waliondoka, na mmoja wao aliondoka na mashine ya kufungia vizibo, ambayo niliinunua mimi. Miezi mitano daftari halina kitu. Kurasa nyeupe. Wengine nao wakaacha kuja, kijiwe kikabaki mimi, mwalimu, fundi friji na soda yake.

Dagaa wa Mwaloni

Sasa kilirudije?

Jiwe Kubwa

Kwa machicha.

Yale mabaki ya mtama baada ya kuchuja tulikuwa tunampa jirani mwenye nguruwe. Miezi mitano hajapata. Siku moja akaja dukani kwangu na hasira, "Hivi ninyi mmekufa?" Akaeleza nguruwe wamekonda, pumba zimepanda bei. Akatoa gunia la mtama, lake, la kununua mwenyewe. "Pikeni. Mimi nataka machicha tu."

Tukapika. Harufu ya ule uji ukiiva inashuka mtaa mzima, hakuna haja ya kumpigia mtu simu. Jioni wakaja tisa. Katika wale sita walioondoka, wanne walikuwepo, na mmoja akaiweka mashine ya vizibo mezani bila kusema kitu. Sikuuliza.

Siku hiyo ndiyo iliandikwa kanuni kwa kalamu nyekundu: chupa haibadilishani mkono na shilingi. Mchango ni elfu tano kwa Ijumaa, uje usije. Ukichelewa zamu ya kuosha chupa, faini elfu mbili. Ukipoteza kipimajoto, mwalimu ataongea nawe mwenyewe, na hiyo ni zaidi ya faini.

Leo tuko 14, wanawake watatu. Mmoja wao ni nesi, ndiye mpishi wetu bora kwa sasa, ana mkono msafi kuliko sisi wote, na kwenye bia usafi ndio nusu ya kazi.

Kemia ya Ubaoni

Robo tatu.

Msukuma Halisi

Na Mayu yuko wapi mkuu? Umetuachia hewani.

Jiwe Kubwa

Yupo, salama. Alihamia kwa binti yake Sengerema. Zamani kwenda kumwona ilikuwa siku nzima, foleni ya kivuko pale Kigongo unaota mvi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 tunavuka kwa bajaji ya mwenzetu kabla soda ya fundi friji haijapata moto. Tulimpelekea chupa nne za ukwaju mwezi uliopita.

Msukuma Halisi

Akasemaje?

Jiwe Kubwa

Alionja. Akazungusha mdomoni. Akasema, "Mmetia juisi." Kisha akauliza nani aliotesha kimea, tukamtaja nesi. Akasema huyo mama kimea chake kimevuka siku moja, kimeanza majani, tumwambie apunguze.

Chupa mbili alizificha chini ya kitanda tukiwa tunaaga. Tulimwona.

Mzee wa Nyakato

Kijana, mimi nina chupa tupu kama 30 hapa stoo, zimekaa tu tangu nilipoacha. Zinahitajika?

Jiwe Kubwa

Zinahitajika sana mzee. Kijana wa bajaji atazipitia Jumamosi asubuhi. Ila tafadhali wajukuu wazichungulie kwanza, juzi kuna mtu kaleta kreti, ndani ya chupa moja mna mjusi.

Binti Igoma

Mzima?

Jiwe Kubwa

Mzima. Tulimtoa kwa unyoya, dakika arobaini. Imeandikwa kwenye daftari.